Marekani: Mlemavu anapodai haki yake kwa serikali, nani amlipe anayemsaidia?

Nchini Marekani, mtu ambaye ugonjwa au ulemavu umemwondoa kazini anaweza kuomba malipo kwa serikali. Kuomba ni bure. Lakini njia ya kuyafikia malipo hayo ni ndefu na ina vizuizi vingi, hata wengi huishia kutafuta avoka au mtetezi mwingine awafuatilie dosie. Mtetezi huyo kwa kawaida halipwi na serikali. Analipwa na mlemavu mwenyewe, kutoka katika pesa ambazo serikali ilichelewa kumpa.

Jambo hili linagusa moja kwa moja familia nyingi za Wakongomani. Katika mwaka wa bajeti wa 2024, Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 100,000, na karibu 20,000 kati yao walitoka Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Hakuna nchi nyingine iliyofikisha idadi hiyo mwaka ule. Mwezi Januari 2025 rais Donald Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, lakini waliokwisha kufika wanaishi kule. Miongoni mwao wapo wenye majeraha ya vita, wapo wazee, na wapo wazazi wenye watoto walemavu.

Ukiutazama kwa haraka, utaratibu wa kuwalipa watetezi hao unaonekana wa haki: ukishindwa, hudaiwi ada, ukishinda, mtetezi anachukua sehemu yake. Ni kweli umewafungulia maskini mlango. Lakini una kasoro moja kubwa. Unamlipa mtetezi zaidi kadiri dosie inavyochelewa, na unamlipa kidogo, au haumlipi kabisa, pale ambapo mlemavu anauhitaji msaada wake kuliko wakati wowote.

Malipo ya aina mbili

Idara ya Usalama wa Jamii ya Marekani, SSA kwa kifupi, inasimamia malipo mawili ya ulemavu. La kwanza ni bima ya ulemavu, SSDI, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1956. Hiyo ni ya mfanyakazi aliyekatwa michango kwenye mshahara wake. Mtu mwenye miaka 31 na zaidi kwa kawaida anapaswa kuwa amefanya kazi angalau miaka 5 katika 10 iliyotangulia ulemavu wake.

La pili ni SSI, lililoanza kutolewa Januari 1974. Hili ni la maskini: mzee wa miaka 65 na zaidi, kipofu au mlemavu, hata mtoto, asiye na kipato cha kutosha. Halihitaji michango ya kazi. Lakini mtu mmoja haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1989. Mwaka 2025, kiasi cha juu kabisa ambacho serikali kuu ilimpa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi, nacho hupunguzwa akiwa na kipato kingine.

Mkimbizi aliyefika juzi hawezi kuwa na miaka ya michango. Akiwa mlemavu, mlango wake ni SSI. Tofauti hii ya milango miwili ndiyo inayoamua, mwishoni, kama atapata mtu wa kumtetea au hatapata.

Safari ya ngazi nyingi

Ombi la kwanza huchunguzwa na ofisi ya jimbo anakoishi mwombaji. Karibu theluthi mbili ya maombi hukataliwa katika ngazi hiyo, na mwaka 2024 jibu la kwanza peke yake lilichukua kwa wastani zaidi ya miezi 7. Aliyekataliwa anaweza kuomba dosie iangaliwe upya. Akikataliwa tena, anaomba kusikilizwa na jaji wa SSA. Juu ya jaji liko Baraza la Rufaa, na baada ya hapo kunabaki mahakama ya serikali kuu. Kila hatua ina siku zake 60 za kukata rufaa. Atakayezipitisha bila sababu nzuri analazimika kuanza upya.

Katika safari hiyo yote, swali si tu kama mtu anaumwa. Swali ni kama karatasi zinaonyesha kwamba hawezi kufanya kazi yoyote ya maana kwa muda wa angalau miezi 12, au kwamba ugonjwa wake utamfikisha kwenye kifo. Zinahitajika ripoti za madaktari, matokeo ya vipimo, orodha ya kazi alizozifanya zamani, na maelezo ya namna anavyoishi kila siku. Mtu mwenye maumivu ya mgongo au ugonjwa wa akili anaombwa kufanya kazi ya mwanasheria na ya karani kwa wakati mmoja. Hapo ndipo mtetezi anapoingia.

Si lazima mtetezi awe avoka. SSA inakubali pia watu wasio mawakili. Wale wanaotaka idara iwalipe moja kwa moja ni lazima wafaulu mtihani, wawe na bima ya kazi yao na wachunguzwe kama hawana makosa ya jinai.

Robo ya malimbikizo

Mtumishi wa serikali hapa kwetu anajua maana ya malimbikizo ya mshahara. Malipo ya ulemavu nayo yana malimbikizo: ombi likikubaliwa baada ya mwaka mmoja na nusu, serikali inalipa miezi iliyopita kwa pamoja au kwa awamu. Pesa ya mtetezi inatoka humo.

Utaratibu unaotumika zaidi ulitokana na sheria ya mwaka 1990. Mwombaji na mtetezi wanatia sahihi mapatano, na mapatano hayo yanafikishwa SSA kabla ya uamuzi kutoka. Mtetezi anapata asilimia 25 ya malimbikizo, lakini asipite kikomo kilichowekwa. Mwanzoni kikomo kilikuwa dola 4,000. Mwaka 2002 kikawa 5,300, mwaka 2009 kikawa 6,000, mwaka 2022 kikawa 7,200, na tarehe 30 Novemba 2024 kikapandishwa hadi dola 9,200. Njia nyingine ni mtetezi kupeleka hesabu ya saa zake na kuomba idara imkadirie ada.

SSA yenyewe inakata sehemu hiyo na kumtumia mtetezi, na inajilipa asilimia 6.3 ya ada hiyo kwa kazi ya kuituma, nayo ina kikomo chake. Gharama za kutafuta ripoti za hospitali zinaweza kudaiwa kando. Yeyote anayetoza ada kwa kazi hii bila idhini ya SSA anavunja sheria, na adhabu inaweza kufikia kifungo cha mwaka mmoja.

Tuchukue hesabu mbili. Mfanyakazi wa zamani anashinda SSDI akiwa na malimbikizo ya dola 60,000. Robo yake ni 15,000, lakini kwa kikomo cha 2024 mtetezi anapata 9,200. Sasa tuchukue mkimbizi anayeshinda SSI baada ya miezi 8, kwa kiwango cha juu cha 2025. Malimbikizo yake ni dola 7,736, na mtetezi anapata 1,934. Dosie hii ya pili inaweza kuwa na kazi nyingi kuliko ile ya kwanza, kwani kuna lugha ya kutafsiri na karatasi za hospitali zilizobaki ng'ambo ya bahari.

Kinachowafaa waombaji

Ni vema kukubali kwanza kile ambacho utaratibu huu umefanikiwa kukifanya. Mtu asiye na hata dola moja anaweza kupata avoka leo, bila kutanguliza ada. Mtetezi naye ana sababu ya kushinda. Na kwa kuwa idara ndiyo inayokata ada, mtetezi hamfukuzii mteja, na mteja hawezi kutozwa kwa siri bila mtetezi kuvunja sheria. Kwa upande wa SSI, ukataji huo wa moja kwa moja ulianza 2005 tu. Kabla ya hapo mawakili wengi walizikwepa dosie za maskini kwa kuogopa kutolipwa.

Matokeo nayo yanaonekana. Mwezi Desemba 2017, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba waombaji waliofika mbele ya jaji wakiwa na mtetezi walikubaliwa kwa kiwango kinachokaribia mara tatu ya wale waliokwenda peke yao. Namba hiyo isomwe kwa uangalifu, kwa sababu watetezi huchagua dosie zenye nguvu. Hata hivyo, ni vigumu kudai kwamba tofauti yote inatoka katika uchaguzi huo tu.

Kuchelewa kunakolipa

Tatizo liko ndani ya hesabu yenyewe. Kama ada ni robo ya malimbikizo, basi dosie inayokubaliwa mapema haina malimbikizo makubwa, na mtetezi aliyefanya kazi nzuri tangu siku ya kwanza anapata kidogo. Dosie ileile ikikataliwa mara mbili na kungoja jaji, malimbikizo yanakua na ada inakua nayo, mpaka ifike kikomo. Hakuna haja ya kudhani kwamba watetezi ni wabaya. Inatosha kuuliza: mwenye biro ya uwakili, mwenye kodi na mishahara ya kulipa, atapokea dosie gani kwanza?

Wanauchumi Hilary Hoynes, Nicole Maestas na Alexander Strand walilichunguza suala hili katika kazi waliyoitoa 2022. Waliona kwamba mtetezi akiwepo tangu ombi la kwanza, watu ambao wangeshinda kwenye rufaa tu wanashinda mapema, na muda wote wa kushughulikia dosie unapungua kwa karibu mwaka mzima. Mwaka mmoja kwa mtu asiye na mshahara ni kodi ya nyumba isiyolipwa, ni dawa zisizonunuliwa, ni deni kwa ndugu na marafiki. Kwa hiyo msaada wenye faida kubwa kwa mlemavu ndio wenye faida ndogo kwa anayeutoa.

Kuna pia watu ambao hesabu hii inawaacha kabisa nje. SSA hurudi mara kwa mara kuangalia kama mtu bado ni mlemavu. Ikiamua kwamba amepona, naye akakata rufaa kwa haraka na kuomba malipo yaendelee, malipo hayo yanaweza kuendelea wakati rufaa inasikilizwa. Akishinda, hakuna malimbikizo. Pasipo malimbikizo, hakuna robo. Vivyo hivyo kwa mtu anayedaiwa kurudisha pesa ambazo idara inasema ilimlipa kwa kuzidisha. Wote wawili wako katika hatari ya kupoteza mkate wao, na wote wawili ni vigumu kwao kupata avoka wa malipo ya ushindi. Wanabaki na mashirika ya msaada wa sheria wa bure, ambayo mengi yanasaidiwa na mfuko uliowekwa na Bunge mwaka 1974, na ambayo siku zote yana watu wengi kuliko mawakili.

Kisa cha Kentucky

Upande wa pili wa hatari ulionekana katika milima ya mashariki ya jimbo la Kentucky. Avoka Eric Conn alijenga biashara kubwa ya dosie za ulemavu katika eneo la migodi ya makaa ya mawe, lenye umaskini mwingi. Mwezi Machi 2017 alikiri kosa mahakamani. Alikuwa akiwalipa madaktari watie sahihi ripoti zilizoandikwa tayari, na akimhonga jaji wa SSA, David Daugherty, ambaye alikubali dosie zake moja baada ya nyingine. Mpango huo uliifunga serikali kulipa zaidi ya dola milioni 550, na Conn mwenyewe alijipatia ada ya zaidi ya dola milioni 5. Alitoroka Juni 2017, akakamatwa Honduras mwezi Desemba mwaka uleule. Daugherty alihukumiwa miaka 4 ya jela.

Wafanyakazi wawili wa ofisi ya jaji huyo, Sarah Carver na Jennifer Griffith, walikuwa wamepiga kelele miaka mingi kabla ya mtu kuwasikiliza. Lakini walioumia zaidi ni wateja. Mwaka 2015 SSA ilianza kuzipitia upya dosie za watu zaidi ya 1,000, huku ikiziondoa ripoti za madaktari wale. Wengi walikuwa wagonjwa kweli, hawakujua lolote kuhusu hongo, na waliambiwa wathibitishe upya ulemavu wa miaka iliyopita kwa karatasi ambazo hawakuwa nazo tena. Mwezi Novemba 2018 mahakama ya rufaa iliamua kwamba idara iliwanyima haki ya kujitetea. Mawakili waliowasaidia watu hao walifanya kazi hiyo bure, wakiongozwa na Ned Pillersdorf wa Kentucky.

Kisa hiki kinaonyesha jambo moja: ada inayohesabiwa kwa ushindi tu inapima kama dosie ilipita, haipimi ilipita kwa njia gani.

Wakongomani na hesabu ya miaka 7

Kwa mkimbizi, muda una uzito wake. Sheria ya Marekani inamruhusu kupokea SSI kwa miaka 7 tu tangu alipopewa hadhi ya ukimbizi. Baada ya hapo malipo yanakatwa, isipokuwa awe amekuwa raia au ametimiza sharti lingine la sheria. Anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5 ya ukaazi, lakini uraia una mtihani wa Kiingereza na wa historia ya nchi. Mtu ambaye ulemavu wake unamzuia kujifunza anaweza kusamehewa mtihani huo, daktari akijaza fomu iitwayo N-648. Yaani kazi ya kuthibitisha ulemavu inafanywa mara mbili, mbele ya idara mbili tofauti.

Tena, SSI hailipi miezi iliyotangulia ombi. Mama aliyefika kutoka kambi ya Nyarugusu au Nakivale, akakaa miaka miwili bila kujua kwamba mtoto wake anastahili, miaka hiyo miwili imekwisha kupotea. Hapa tunaona wazi kasoro ya hesabu: anachohitaji mama huyo ni mtu wa kumwambia mapema, kumjazia fomu vizuri na kumpeleka kwa daktari. Kazi hiyo haina malimbikizo, kwa hiyo haina ada.

Nafasi hiyo mara nyingi inajazwa na watu wa jamii: binamu anayejua Kiingereza, mzee wa kanisa, kijana mwenye gari. Wengi wanasaidia kwa moyo. Lakini anayejitokeza na kuomba dola mia chache mkononi ili «kusukuma dosie» anapaswa kuogopwa. Mwombaji ana haki ya kuletewa mkalimani na SSA bila malipo. Ana haki ya kuona mapatano ya ada kwa maandishi kabla ya kutia sahihi, na ya kuyapinga kwa idara akiona ada imezidi. Na hakuna mtetezi, avoka au asiye avoka, anayeweza kuuza uamuzi wa SSA.

Alipe nani?

Wapo wanaotaka kikomo kiondolewe ili mawakili wengi zaidi wavutiwe. Hilo lingewasaidia wenye malimbikizo makubwa, na lisingebadili kitu kwa mkimbizi wa dola 7,736. Wengine wanasema serikali ilipe ada ya kudumu kwa ombi la kwanza lililoandaliwa vizuri, hata kama ni ndogo. Wapinzani wao wanauliza kwa nini mlipa kodi agharamie mtu wa kuidai serikali ileile.

Jibu limo tayari katika sheria ya Marekani. Tangu 1980, mtu akiishinda serikali mahakamani, na serikali ikashindwa kuonyesha kwamba msimamo wake ulikuwa na msingi wa kutosha, serikali inaweza kuamriwa kulipa ada ya wakili. Na wakili akipata ada mbili kwa kazi hiyohiyo ya mahakamani, moja kutoka serikalini na nyingine kutoka malimbikizo ya mteja, anapaswa kumrudishia mteja iliyo ndogo. Kanuni ni nyepesi: kosa likiwa la serikali, mlemavu asilipie. Lakini inafanya kazi mahakamani tu, mahali ambapo wachache wanafika. Kama ni haki mbele ya mahakama, ni vigumu kueleza kwa nini si haki mbele ya jaji wa SSA, ambako watu wengi hurekebishiwa makosa ya ofisi.

Somo kwa nchi yetu

RDC haiko nje ya mjadala huu. Kuna sheria ya msingi ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya kulinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Sheria ya Julai 2016 kuhusu usalama wa jamii inampa mfanyakazi aliyepata ulemavu haki ya pensheni kupitia CNSS. Haki zikishaandikwa, panabaki dirisha la ofisi. Na mbele ya dirisha, kila mkaaji wa Lubumbashi, Bukavu au Kinshasa anajua nani anasimama: komisionere, anayejua mlango wa kupitia na anayechukua chake kabla dosie haijaingia.

Kumfukuza komisionere hakutoshi, kwa sababu anaishi kwa ugumu wa dirisha. Kutoka Marekani tunaweza kuchukua mambo matatu yaliyo mema. Bei ya msaada iandikwe na ijulikane na wote. Msaidizi alipwe baada ya kazi, kwa njia ambayo ofisi inaiona, na si mkononi kabla. Na awe na jina na cheti, ili akidanganya apatikane.

La nne ndilo ambalo Marekani yenyewe bado haijalifanya: kuweka msaada pale safari inapoanzia. Mfanyakazi mmoja wa serikali au wa shirika la raia, anayejua Kiswahili, Lingala, Tshiluba au Kikongo, akikaa mbele ya dirisha na kumsaidia mlemavu kujaza ombi kwa usahihi siku ya kwanza, anaokoa rufaa za miezi mingi. Mshahara wake ungekuwa mdogo kuliko gharama ya madosie yanayorudi mara tatu, na mlemavu angebaki na haki yake nzima, bila kukatwa robo.